Kadi za Denver na Karo ya Mtoto

Juma hili nimeletewa barua na baba mmoja, askari polisi, ambaye ameomba nisimtaje jina wala kituo chake. Mdogo wake anaishi Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Huyo amempelekea kijana wa kaka yake, mwenye umri wa miaka 13, albamu ya kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu wa timu ya Denver Nuggets, wa zamani na wa sasa, kadi zipatazo 120. Muda si muda yule baba akasikia kwamba huko Marekani kadi moja ya namna hiyo iliuzwa kwa fedha zinazotosha kujenga shule. Sasa anauliza: je, si halali aiuze albamu hiyo ili alipe karo ya muhula ujao? Mama wa nyumba anaunga mkono. Kijana ameificha albamu, na tangu hapo hasemi na baba yake ila kwa salamu tu.

Kabla sijajibu, yafaa tuelewane kadi hizi ni kitu gani, maana wengi wetu tunazijua karata za kuchezea na kadi za Krismasi tu. Kadi ya mchezaji ni kipande cha karatasi ngumu, upana wake sentimita 6 na kitu, urefu wake karibu sentimita 9. Mbele ina picha ya mchezaji. Nyuma ina jina lake kamili, kimo, uzito, chuo alichosoma, na hesabu ya michezo yake mwaka kwa mwaka. Zamani picha za namna hii zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikahamia kwenye ubani. Kampuni ya Topps ya Marekani, ambayo ndiyo iliyotengeneza ule ubani wa Bazooka ambao jina lake watoto wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanalijua, ilitoa kadi zake za kwanza za mpira wa kikapu mwaka 1957. Mtoto alinunua ubani akapata picha. Siku hizi ubani umetoweka, picha imebaki, na bei imepanda mlima.

Ni kweli kwamba zipo kadi za bei ya kutisha. Mwaka 1986 kampuni ya Fleer ilitoa seti ya kadi 132, na mojawapo ilikuwa ya kijana aliyeitwa Michael Jordan wa Chicago. Mwezi wa Januari 2021 nakala ya kadi hiyo, iliyopewa daraja la 10 na wakaguzi, iliuzwa mnadani kwa dola 738,000. Bila shaka ndiyo habari, au mfano wa habari, aliyoisikia ndugu yetu. Lakini habari hiyo ina mkia ambao aghalabu hausimuliwi: haikupita miaka miwili, kadi hiyo hiyo, ya daraja hilo hilo, ikawa inauzwa kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile. Aliyenunua kwa kukopa, na naamini wapo, alilala tajiri akaamka mdaiwa.

Tena tazameni jambo hili. Katika seti ile ile ya mwaka 1986, kwa karatasi ile ile na wino ule ule, yumo Alex English wa Denver. Katika miaka yote ya 1980 hakuna mchezaji wa ligi ile aliyefunga pointi nyingi kumpita yeye, si Jordan, si Larry Bird, wala Magic Johnson. Alikuwa mtu mpole, na mbali ya mpira ni mshairi aliyechapisha mashairi yake. Hata hivyo kadi yake haifikii hata kivuli cha bei ya ile ya Jordan. Bei ya kadi haipimi ubora wa mchezaji. Inapima watu wangapi wanaitaka, nakala ngapi zimebaki, na pembe zake zimechakaa kiasi gani.

Hapo ndipo linapotoka jibu langu kwa ndugu yetu. Katika barua yake anataja kwa fahari kadi sita za Dikembe Mutombo, zote za mwaka wa kwanza wa mchezaji huyo, akidhani kwamba hizo ndizo dhahabu. Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akachaguliwa na Denver mwaka 1991, na mwaka huo makampuni ya kadi yalikuwa yamekwisha kuonja faida. Fleer, Hoops, SkyBox na Upper Deck, yote yalichapa kwa wingi usio na kifani, na watu wazima, waliokwisha kusikia hadithi za bei, wakanunua maboksi mazima wakayafungia kabatini bila kuyagusa. Kitu kinachotunzwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu. Kwa hiyo kadi za kwanza za mtu huyu mkubwa zapatikana mpaka leo kwa bei ndogo mno. Ndugu yangu, albamu hiyo haitakulipia karo. Huenda isilipe hata gharama ya posta ya kuirudisha Marekani kwa mnunuzi.

Isipokuwa kwa jambo moja. Mwambie mdogo wako aitazame kwa makini kadi ya Nikola Jokić, Mserbia, ikiwa ni ya msimu wake wa kwanza, yaani 2015–16. Huyu alichaguliwa mwaka 2014 akiwa wa 41, wakati televisheni ya Marekani ilipokuwa inaonyesha tangazo la chakula, na wachache walimjali. Baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2021, 2022 na 2024, na mwaka 2023 akaiongoza Denver kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Ikiwa kadi hiyo ina sahihi yake, au ina nambari ndogo iliyopigwa chapa kuonyesha kuwa ni mojawapo ya nakala chache, basi mali ipo. Lakini hata hivyo mali hiyo ni ya nani? Zawadi aliyopewa mtoto na baba yake mdogo ni ya mtoto. Karo ni wajibu wa mzazi, na wajibu huo haulipwi kwa kunyang'anya. Kama shida ni kubwa, keti na kijana, mweleze mshahara ulivyo na matumizi yalivyo, kisha umwombe. Kijana wa miaka 13 anaelewa hesabu kuliko tunavyodhani.

Na kwa habari ya hesabu, mimi niliyepitia chuo cha ualimu siwezi kulipita jambo hili. Geuzeni kadi ya Mutombo. Kimo chake ni futi 7 na inchi 2. Mtoto na ageuze iwe sentimita, atapata 218, kisha apime ukutani aone mtu huyo angeinama kiasi gani kuingia mlango wa nyumba zetu za kambini. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 71 akafunga pointi 1,177. Mtoto na agawanye, atapata wastani wa pointi 16.6. Kazi hiyo ataifanya bila kulazimishwa, jambo ambalo vitabu vyetu vya hesabu havijafaulu sana.

Albamu ikipangwa kwa miaka inakuwa kitabu cha historia. Timu ilianza mwaka 1967 kwa jina la Denver Rockets, katika ligi nyingine ya Marekani iliyotumia mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Mwaka 1974 ikaitwa Nuggets, yaani vipande vya dhahabu, kwa kuwa Colorado ni nchi ya wachimba madini, na mwaka 1976 ikaingia katika ligi kuu. Mtoto atawaona English, na Mutombo wa miaka ya mwanzo, wakiwa na jezi yenye milima na rangi za upinde wa mvua. Atamwona Chris Jackson, na kurasa chache baadaye atamwona mtu yule yule akiitwa Mahmoud Abdul-Rauf, maana alisilimu na mwaka 1993 akabadili jina kisheria. Maswali yatakuja. Yajibuni.

Mweleze pia lisiloandikwa nyuma ya kadi. Mwaka 1994 Denver, iliyoingia mashindano ya mwisho ikiwa ya nane upande wake, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea kabla. Mchezo ulipokwisha Mutombo alilala sakafuni ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, akicheka kama mtoto. Mama yake alifariki Kinshasa wakati wa machafuko, kwa kuwa hakuweza kufikishwa hospitalini. Mwana akajenga hospitali ya vitanda 300 katika mji huo, akaipa jina la mama, Biamba Marie Mutombo, nayo ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Mutombo mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Sasa neno juu ya kununua, maana kijana akishaonja atataka zaidi. Pakiti iliyofungwa ni bahati nasibu: unalipa bila kujua kilichomo, na watengenezaji hutia kadi chache adimu makusudi ili ununue tena na tena. Mambo haya hayana tofauti kubwa na meza za kamari zinazomaliza mishahara ya vijana wetu tarehe 2 ya mwezi. Afadhali kijana aandike orodha ya wachezaji wa Denver anaowakosa, ampelekee baba yake mdogo, naye amnunulie kadi moja moja inayojulikana, kwa kiasi kilichopangwa. Wala asinunue Jordan ya mwaka 1986 kwa mtu asiyemjua, kwa kuwa kadi hiyo imeghushiwa sana.

Kuzitunza si kazi ngumu. Kila kadi na ikae katika kifuko chake chembamba cha plastiki, na vifuko katika kurasa za albamu. Zisifungwe kwa mpira wa nywele, unakata kingo. Zisibandikwe kwa gundi wala ugali. Albamu isimame wima rafuni, mbali na dirisha, kwa maana jua hufifisha rangi, na mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika. Chini ya godoro si mahali pake. Mikono inawe kwanza na ikauke. Zile zilizo mbili mbili, kama hizo sita za Mutombo ikiwa zinafanana, ziwekwe katika bahasha ya peke yake: hizo ndizo za kubadilishana.