Pensheni ni Amana



Huko Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, kipo chuo cha ualimu, na huenda mmoja wa waliohitimu hapo ndiye anayewasomesha watoto wetu huku Pwani. Leo twauliza: mwalimu huyo akimaliza utumishi wake, ataishi kwa nini?

Kwa miaka mingi mwalimu wa serikali hakukatwa chochote kwa ajili ya pensheni yake. Alilipwa kutoka hazina ya taifa, kwa kodi za mwaka ule ule. Hapakuwa na akiba iliyowekwa, na kadiri wastaafu walivyozidi ndivyo mzigo ulivyokua. Walimu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya 1997 iliwabidi kwenda mahakamani kudai nyongeza yao. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa haki mwaka 2008, lakini wako waliofariki dunia kabla ya kuipokea.

Tangu Januari 2021 mambo yamebadilika. Watumishi waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mfuko mpya. Walianza kwa kuchangia asilimia 2 ya mshahara wa msingi, kisha 5, na sasa 7.5. Serikali hutoa asilimia 15. Basi mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa 3,000, na serikali yapasa kumwekea 6,000 kila mwezi.

Hesabu hiyo ni njema, ila mfuko hausimami kwa hesabu ya karatasini. Sehemu ya mfanyakazi hukatwa kabla hajaushika mshahara wake. Sehemu ya serikali ikichelewa, faida yake hupotea, na anayepungukiwa ni mstaafu, wala si aliyechelewesha. Huo si uadilifu.

Nasi majumbani tuna wajibu. Mume na mke waitazame pamoja taarifa ya michango, waulize pengo linapoonekana, na wahakikishe majina ya wategemezi yameandikwa sawasawa. Si vyema mjane aanze kusaka karatasi naye yumo edani.

Dini yetu imetuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Jasho la miaka 30 ni amana, na aliyeishika, awe mzazi au serikali, ataulizwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao. Amin.