Mfereji wa Mtaa na Pesa ya LUKU: Barua Kutoka Denmark

Ndugu zangu wa mtaani,



Video ya mfereji imenifikia. Anayerekodi ameshika ndala mkononi, maji meusi yamemfika magotini, na nyuma yake nasikia mtu anacheka. Ni mfereji uleule niliokuwa nauruka nikienda shule. Chini yake mmeandika: tuchange, wa ughaibuni aanze.

Nitachanga. Ila safari hii tuulizane kwanza. Mara ya mwisho tulilipa vijana wakazibua, tope wakaliacha ukingoni, mvua ya kwanza ikalirudisha ndani. Hakuna aliyekwenda halmashauri kuuliza gari la kubeba tope. Sisi tunaotuma pesa tumegeuka halmashauri ya pili, tena isiyokaguliwa na mkaguzi mkuu wa hesabu, CAG. Tunachimba kisima, tunaezeka choo cha shule, na wenye kazi hiyo wanapumua.

Wala msidhani hamlipi kitu. Tangu Agosti 2021 mwenye mita ya umeme hukatwa kodi ya jengo anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hata bati la juu si lake, anakatwa kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Kwa mkusanyaji ni rahisi, sikatai. Lakini pesa inayoondoka pamoja na yuniti za umeme haina wa kuidai. Isitoshe, mwaka 2016 kazi ya kuikusanya iliondolewa kwenye halmashauri na kupewa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwenye nyumba hamjui mkusanyaji, na halmashauri haimjui mlipaji.

Hapo ndipo mageuzi yetu ya serikali za mitaa yanapokwama kila mara. Mwaka 1972 serikali hizo zilifutwa. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984, na mwaka 1998 ikaja sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa. Makaratasi tunayo. Ila diwani mnamchagua ninyi, mkurugenzi anateuliwa na Rais. Diwani apige meza atakavyo katika baraza, mkurugenzi anajua simu ya kuogopa inatoka wapi, na haitoki mtaani kwenu. Mtamletea mashine za POS za kukusanyia mapato, mafunzo na semina, bado atatazama juu. Nami ningekuwa yeye ningetazama hukohuko.

Huku niliko kuna manispaa 98. Zilikuwa 271 kabla ya kuunganishwa mwaka 2007, na wazee wa mji huu mdogo mpaka leo wananung'unika kwamba ofisi yao ilihamishiwa mbali. Si peponi. Lakini taarifa yangu ya kodi ya mwaka inaonyesha waziwazi kilichokwenda manispaa: karibu robo ya kipato kinachotozwa. Ukishaona tarakimu ile, theluji isipozolewa mbele ya shule unapiga simu bila aibu. Na jambo linalonichoma: nikiwa mgeni, kwa kuwa nimekaa miaka ya kutosha, napiga kura ya kuchagua baraza la manispaa. Nyumbani, nikiwa Mtanzania kamili, siwezi kupiga kura yoyote mpaka nipande ndege.

Kwa hiyo kura ya huko ni yenu, na sauti ni yenu. Najua mkutano wa mtaa unachosha. Kiti ni cha plastiki, jua la saa nane, mwenyekiti anachelewa, na nusu ya muda inakwenda kwenye matangazo. Najua pia anayeuliza mapato na matumizi huitwa mchochezi, kisha barua yake ya utambulisho ikacheleweshwa wiki nzima. Basi asiulize mmoja. Nendeni kumi, akina mama wa vibanda mbele, maana biashara zao ndizo zinazoelea.

Ulizeni mambo matatu tu: bajeti ya mwaka huu imeutengea mfereji kiasi gani, tope litabebwa na gari gani, na siku ipi. Majibu yarekodini kama mlivyorekodi maji, mnitumie. Mchango wangu uko tayari. Nautuma siku hiyohiyo, hata kama jibu litakuwa kwamba hakuna kilichotengwa.

Ndugu yenu,
Denmark