Wino wa Kura Si Vocha ya Likizo

Juzi nilikaa na dada mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, mwajiriwa wa ofisi moja ya umma hapa Dar. Tulikuwa tunapiga stori za kazi tu, akanikumbusha kisa cha Oktoba 2020. Wiki ile ya uchaguzi bosi wao aliwakusanya, akasema Jumatano tarehe 28 ni mapumziko, hilo mnalijua. Sasa atakayekuja Alhamisi na wino kidoleni jina lake litaandikwa, na atapata siku mbili za ziada za kupumzika kwa malipo. Watu wakapiga makofi. Nani anakataa siku mbili za bure?

Yeye hakupiga. Alijiandikisha Tabora, kazi ikamleta Dar, na kwenda na kurudi kwa basi ni nauli na siku ambazo hakuwa nazo. Alhamisi akapita mbele ya karani mwenye daftari, kidole hakina hata doa. "Nilijiona kama mtoro wa shule," akaniambia.

Nikamuuliza, hivi hiyo ni halali kweli? Akacheka. "We mwandishi bwana! Kwani alituambia tumchague nani?"

Jamani, hiyo sentensi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ndiyo kinga ya mabosi wa aina hii, na sisi wenye digrii zetu tunaimeza bila kutafuna.

Tuanze na Marekani, nchi ambayo imelijadili jambo hili hadi mahakamani. Sheria yao ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 inakataza kumlipa mtu, au hata kuahidi kumlipa, ili ajiandikishe au apige kura, pale ambapo kwenye karatasi kuna nafasi za kitaifa kama urais au ubunge. Haiulizi umemchagua nani. Adhabu yake ni faini ya hadi dola 10,000, au jela hadi miaka 5, au vyote viwili. Na malipo si lazima yawe noti: mwaka 1983 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba vocha za msaada kwa maskini nazo ni malipo.

Mnakumbuka Novemba 2008, uchaguzi wa Obama? Starbucks walitangaza kahawa ya bure kwa kila atakayesema amepiga kura. Wanasheria wakawatahadharisha kwamba wanacheza na sheria, ikabidi wamgawie yeyote atakayeomba, awe amepiga kura au hajapiga. Kikombe cha kahawa tu! Sasa pima na siku mbili za mshahara.

Lakini huko huko wamechora mstari ambao mimi naukubali. Kumpa mtu lifti hadi kituoni, au kumruhusu mfanyakazi atoke saa za kazi akapige kura bila kukatwa mshahara, hakuna neno. Hapo umemwondolea kikwazo. Ukimpa kitu baadaye, kwa sharti la kuonyesha ushahidi, umemlipa. Tena kwenye chaguzi ambazo hazina nafasi za kitaifa, sheria ile haiwagusi: Los Angeles mwaka 2015 taasisi moja binafsi iliweka zawadi ya dola 25,000 kwa mpiga kura mmoja atakayebahatika, kwenye uchaguzi wa bodi ya shule. Binafsi sikuipenda. Ila angalau haikuwa idara ya serikali ikiwahonga wafanyakazi wake.

Turudi nyumbani. Mimi si mwanasheria, vifungu nawaachia wenye majoho. Lakini tuna historia yetu, inaitwa takrima. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye Sheria ya Uchaguzi kifungu kilichosema ukarimu wa kawaida wa mgombea usihesabiwe kuwa rushwa. Pilau, soda, khanga... ukarimu! Mwaka 2006, mimi nikiwa darasa la pili, Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu mwenye fedha na asiye nazo hawawi sawa tena. Hoja ya watetezi wa takrima ilikuwa ya bosi wetu huyu huyu: sijakununua, nimekukirimu tu.

Na mgombea wa takrima angalau alitoa mfukoni mwake. Bosi wa umma anakirimu kwa kodi yangu na yako, ile tunayokatwa hata tukinunua vocha ya simu. Mara nyingi ni mteule wa Rais, na Rais huyo au chama chake kimo kwenye karatasi ya kura. Katika hali hiyo, "sikuwaambia mchague nani" haina uzito wowote kwangu. Hahitaji kuwaambia.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Kura yako ni siri, lakini kidole chako kinaonekana. Ukiandika majina ya waliopiga kura, umeshapata na orodha ya wasiopiga, toa tu kwenye orodha ya mishahara. Ibara ya 5 ya Katiba inasema kupiga kura ni haki. Mtu anaweza kuacha kuitumia kwa sababu yuko mbali, anauguza, au hamtaki hata mmoja wa wagombea. Hiyo ya mwisho nayo ni kauli, na bosi haimhusu.

Mtaniambia watu hawajitokezi. Kweli, mwaka 2010 walioandikishwa walizidi milioni 20, waliopiga kura milioni 8.6 hivi. Inatisha. Ila aliyekata tamaa na sanduku la kura hutamrudisha kwa likizo, utapata kidole chake tu. Arizona mwaka 2006 wananchi waliulizwa kama wanataka bahati nasibu ya dola milioni moja kwa wapiga kura, na karibu theluthi mbili wakakataa. Bosi anayetaka watu wapige kura awape wote ruhusa ya kusafiri hadi walikojiandikisha, bila kukagua kidole cha mtu.

Nilimuuliza yule dada daftari lile liliishia wapi. Akafikiri kidogo. Mara ya mwisho kuliona, lilikuwa kwenye kabati la utumishi, juu ya mafaili ya kupandishwa vyeo.