"Ni Uzee Tu": Uvimbe wa Samaki na Jina Linalokosekana

Mwaka jana alifika katika kliniki ya ngozi mwalimu mstaafu mwenye vinundu vitatu vya rangi ya zambarau, vilivyopangana kama shanga kutoka kidole cha shahada hadi karibu na kiwiko. Kwa miezi mitano alikuwa ameandikiwa viuavijasumu vya aina mbili, kisha dawa ya fangasi, kisha sindano ya steroidi ndani ya kinundu chenyewe. Nilipomaliza kumpima, aliuliza jambo lisilohusu mkono: "Daktari, saratani ya samaki huweza kumwambukiza mtu?" Nyumbani alikuwa na samaki wa dhahabu aliyemfuga kwa miaka 12, na ubavuni mwa samaki huyo ulikuwa umeota uvimbe uliofikia ukubwa wa punje ya hindi. Aliyemuuzia chakula cha samaki alimwambia asihangaike, kwani ni uzee tu.

Kauli hiyo naifahamu vizuri, na siipendi. Huisikia ikitamkwa juu ya bibi mwenye uvimbe shingoni, juu ya babu anayekojoa kwa shida, na juu ya kidonda kisichopona kwenye mguu wa mtu mwenye miaka 70. Uzee huongeza uwezekano wa magonjwa fulani, lakini wenyewe si jina la ugonjwa. Hata kwa samaki hoja hiyo haikuwa na nguvu. Samaki wa dhahabu anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na wapo wanaopita 20. Mmoja wa Uingereza, aliyeitwa Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Mwenye miaka 12 ametimiza umri wa heshima, lakini hajafika mahali pa kuachwa bila kuchunguzwa.

Tatizo la uvimbe wa samaki ni lile lile la uvimbe wa binadamu: vitu vingi tofauti huonekana sawa kwa macho. Vingine si ugonjwa kabisa. Samaki dume wa dhahabu anapokuwa tayari kuzaliana huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mapezi ya mbele, na wako wafugaji waliomwagia dawa samaki mzima kabisa kwa sababu hiyo. Aina iitwayo oranda huota nyama kichwani kama kilemba, nayo ndiyo sababu ya watu kuinunua. Vingine ni vimelea vinavyojichimbia chini ya magamba. Vipo vivimbe laini kama nta iliyodondoka, vinavyosababishwa na virusi vya jamii ya hepesi. Hujitokeza maji yanapopoa na kufifia yanapopata joto, na huonekana zaidi kwa koi.

Upo pia ugonjwa wa limfosistisi, ambao wafugaji wengi huutaja mara tu waonapo uvimbe mweupe unaofanana na koliflawa. Ni ugonjwa wa virusi unaozifanya seli za ngozi kuvimba mno, na mara nyingi huisha wenyewe bila dawa. Lakini kwa kawaida haushambulii jamii ya samaki ambamo samaki wa dhahabu yumo. Kwa hiyo anayempa samaki wa dhahabu jina hilo amekosea kabla hajaanza, na kosa lake lingeepukwa kwa kuuliza swali dogo: huyu ni samaki wa aina gani?

Kisha kuna uvimbe halisi unaokua katika tishu. Kwa samaki wa dhahabu, ule unaotokana na utando unaofunika mishipa ya fahamu unajulikana tangu zamani. Mwanapatholojia Hans Schlumberger aliuelezea mwaka 1952 katika kundi la samaki wa dhahabu lililokuwa limetengwa na mengine. Hukua polepole, ni nadra kusambaa mbali, ila hupenda kurudi pale ulipokatwa. Hakuna jicho, hata la mfugaji wa miaka 30, linaloweza kuutambua kwa hakika bila kipande cha nyama kuwekwa chini ya darubini.

Wenye shaka kwamba jina lina uzito kiasi hicho wawakumbuke samaki aina ya trauti wa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika mabwawa ya kufugia, samaki hao waliota uvimbe mkubwa chini ya koo, na watafiti mashuhuri wakauita saratani ya tezi la shingo. Mnamo mwaka 1910 David Marine na mwenzake Carl Lenhart walionyesha kwamba ulikuwa rovu, lile lile la binadamu, na kwamba ulinywea samaki walipopewa madini ya joto. Miaka saba baadaye Marine na Oliver Kimball walianza kuwapa madini hayo wasichana wa shule katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, na kufikia mwaka 1924 chumvi yenye madini joto ilikuwa ikiuzwa madukani katika jimbo la Michigan. Wasomaji wetu wa nyanda za juu, ambako bibi zao walizoea kuona mashingo yaliyovimba, wanaijua thamani ya chumvi hiyo. Samaki wale wangeendelea kuitwa wagonjwa wa saratani, dawa yao isingetafutwa katika chakula.

Basi mwenye samaki mzee aliyeota uvimbe aanze wapi? Aanze na maji. Kipimo cha amonia na nitraiti kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma zaidi, samaki ana tatizo la haraka kuliko uvimbe wake, na litatuliwe kwa kubadilisha sehemu ya maji hatua kwa hatua, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kisha aandike: uvimbe ulionekana lini, uko wapi, umekua kwa kasi gani, samaki anakula au hali, anaogelea wima au amelala upande, wenzake tangini wakoje. Picha ya kila wiki, iliyopigwa mahali pale pale pamoja na rula, humsaidia daktari wa mifugo kuliko maelezo marefu.

Jambo asilofanye ni kufungua kapsuli za tetrasaikilini na kuzimwaga majini. Mwalimu wetu alifanya hivyo mara tatu. Dawa hiyo haigusi uvimbe wa tishu wala virusi. Inachoweza kufanya ni kuua bakteria wema wa kwenye kichujio wanaoondoa amonia, kisha maji yakimwagwa huenda na mabaki ya dawa mtaroni. Tunawakemea wagonjwa kwa kununua viuavijasumu bila cheti, nasi hatujafikiri kamwe juu ya tangi la sebuleni.

Tiba yenyewe, jina likishapatikana, mara nyingi ni ndogo kuliko hofu. Uvimbe usiomzuia samaki kula wala kuogelea unaweza kuachwa na kutazamwa. Unaokua au kuchubuka unaweza kukatwa, na hapa watu hushangaa kusikia kwamba samaki hupewa usingizi. Mojawapo ya dawa zinazotumika ni mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba: kiambato chake, yujino, huchanganywa majini kwa kipimo, na maji hayo hupitishwa kwenye mashavu ya samaki wakati daktari akikata. Mafuta hayo hayo yakizidi humuua, kwa hiyo isiwe kazi ya kujaribu jikoni. Na samaki aliyeacha kula, asiyeweza tena kusimama majini, anastahili kumalizwa kwa upole na mtaalamu; kumwacha ateseke wiki tatu kwa jina la huruma si huruma.

Narudi kwenye mkono. Jibu nililompa mwalimu lilikuwa kwamba saratani ya samaki haihamii kwa mtu. Lakini niliuliza tena juu ya tangi, naye akakumbuka kwamba samaki mwingine alikuwa amekonda hadi mgongo ukapinda, akafa, na yeye akaosha mawe ya tangi kwa mikono mitupu akiwa na mchubuko kidoleni. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu, alitambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa maonyesho huko Philadelphia. Huingia kwa binadamu kupitia jeraha, na vinundu hujitokeza kwa kawaida wiki mbili hadi nne baadaye, vikipanda kufuata mishipa ya limfu. Haambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Wenzangu wa maabara wanisamehe nikisema kwamba ugonjwa huu hupotelea mikononi mwetu. Bakteria huyu hupenda joto la nyuzi 30 hivi; sampuli ikioteshwa kwenye nyuzi 37 peke yake anaweza asionekane kabisa, hivyo fomu inayopelekwa maabara lazima ilitaje tangi la samaki. GeneXpert itasema hakuna kifua kikuu, nayo itakuwa imesema kweli. Chini ya darubini tishu hufanana na ya kifua kikuu, na mgonjwa huanzishiwa dozi yake, ilhali bakteria huyu ana usugu wa asili dhidi ya isoniazidi na pirazinamidi. Hutibika kwa dawa kama klarithromaisini, ethambutoli au rifampisini, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa miezi kadhaa. Wavuvi, waparua samaki sokoni na wafugaji wa mabwawa wako hatarini vilevile, na swali "unashika samaki?" halichukui sekunde tano.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja kama ni haki kupeleka nyama ya samaki wa mapambo kwa mwanapatholojia katika nchi ambayo wanapatholojia wa binadamu hawatoshi. Swali ni zuri, na jibu langu ni kwamba kazi hiyo ni ya wenzetu wa tiba ya mifugo, ambao sisi madaktari wa binadamu tunawapigia simu mara chache mno. Niliwapigia siku ile. Uvimbe wa samaki ulikatwa, ukaonekana kuwa ule wa utando wa mishipa ya fahamu. Mwalimu alikunywa dawa zake kwa miezi minne, akiosha tangi kwa glovu ndefu za mpira. Uvimbe wa samaki umeanza kurudi, mdogo kama mbegu ya ufuta, naye huupiga picha kila Jumamosi.