Macho ya Tobiti



Kitabu cha Tobiti chatusimulia habari za mzee mcha Mungu aliyelala karibu na ukuta wa ua wake, kinyesi cha ndege kikamwangukia machoni, akapatwa na madoa meupe. Alikwenda kwa waganga, nao kadiri walivyompaka dawa ndivyo alivyozidi kupofuka. Neno hilo tumezoea kulipita upesi ili tufike kwa malaika Rafaeli. Kwetu Kpandroma lingefaa kusomwa mara mbili, kwa kuwa jicho likiuma bado tunatangulia kulitia maji ya majani, maziwa ya mama, au kichupa kilichonunuliwa sokoni bila shauri la muuguzi.

Lakini leo hatutaki kuwalaumu wengine kabla ya kujishitaki wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mtoto mmoja katika darasa la katekisimu ambaye hakunakili ubaoni ila kwa makosa. Tulimwita mvivu, tukamsimamisha nje. Tulikuwa tumesomea ualimu, tena tulijua kupima kila kitu cha mwanafunzi isipokuwa macho yake. Aliacha mafundisho. Baadaye tulimkuta sokoni, kijana mzima, akiileta noti ya franka karibu na pua ili aitambue. Miwani tu ndiyo iliyokosekana, na pengine hata leo hajajua hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana kasoro ya kuona, na kwamba kwa bilioni 1 kati yao kasoro hiyo ingaliweza kuzuiwa au bado haijatibiwa. Hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Mzee ambaye mboni yake imekuwa nyeupe kwa mtoto wa jicho husemwa amelogwa, au kwamba ni uzee tu, kumbe upasuaji mfupi waweza kumrudishia nuru. Mtoto mchanga mwenye weupe mbonini asingoje hata wiki moja, kwa sababu huenda ni saratani. Presha ya jicho, nayo, hula uwezo wa kuona pembeni bila maumivu, na kinachopotea hakirudi. Kwa hiyo aliyezidi miaka 40, hasa mwenye ndugu aliyepofuka kwa ugonjwa huo, apimwe hata kama haoni shida yoyote.

Katika Ituri yetu kuna pia upofu wa mtoni. Inzi mdogo mweusi huzaliana kwenye maji yaendayo kasi. Akituuma hutuachia vijidudu ambavyo baada ya miaka huharibu ngozi na macho. Dawa yake, ivermektini, imetolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987. Mgawaji hupima kimo cha mtu kwa fimbo, kisha humpa vidonge. Dawa huua watoto wa mnyoo, bali mnyoo mzazi huishi miaka 10 na zaidi; ndiyo maana kumeza mara moja hakutoshi. Wengine huificha chini ya ulimi na kuitema nyuma ya nyumba, wakihofu kuvimba na kuwashwa. Hofu hiyo tusiicheke. Mkoani mwetu zipo sehemu zenye mnyoo mwingine, Loa loa, na mwenye mnyoo huo kwa wingi aweza kuugua vibaya akimeza dawa hiyo. Basi tumwulize mgawaji, tumweleze hali yetu, wala tusijinunulie vidonge sokoni.

Tutaulizwa: je, ni wakati wa kusema juu ya macho, ilhali Djugu inalia tangu mwisho wa 2017, na watu wanalala kambini? Tunajibu kwamba asiyeona ndiye wa mwisho kukimbia. Aliyewahi kumshika bibi mkono usiku njiani anajua.

Kwa maoni yetu, kundi la vijana ndilo mahali pa kuanzia, kwa kuwa hukutana kila juma na linajuana kwa majina. Mnahitaji kadi yenye herufi E ya urefu wa milimita 17 na nusu, kamba ya mita 6, na mwanga mzuri. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aonyeshe kwa mkono E imeelekea wapi. Mwigeuze mara tano, kisha jicho la pili. Akikosea zaidi ya mara moja, apelekwe kituo cha afya pamoja na mzazi wake. Ninyi si waganga, msimwambie ana ugonjwa gani. Wala asichekwe mbele ya wenzake. Akichekwa, mwaka ujao hatakuja.

Siku ya Kuona Duniani huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, katika mwezi wa Rozari. Jumapili inayoifuata, baada ya misa, tunaomba mstari uchorwe sakafuni mwa chumba cha katekisimu. Makatekista tupimwe kwanza, watoto wakitazama.