Mashine hatuna, lakini hesabu za ubongo tunaziweza

KIJANA wa dada yangu aliponiambia kwamba anajifunza kuchambua picha za ubongo unaofanya kazi, nilicheka. Tulikuwa hapa Nyakiriba tunapakia karoti za kupeleka mpakani. Nikamuuliza, “Mashine yenyewe umeiona wapi?” Akajibu kwa adabu, “Mjomba, mashine sijaigusa. Najifunza hesabu zake.” Leo naandika kukiri kwamba nilicheka bila kujua, na kuwaomba wazazi wenzangu tuliorudi kutoka ukimbizini wasirudie kosa langu.

Nianze na jambo linalotuhusu. Wengi wetu tunaifahamu kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Huko, Wanyarwanda walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 walihojiwa na watafiti kuhusu waliyoyaona na jinsi kumbukumbu hizo zinavyowarudia, hali tunayoiita ihahamuka. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Dominique de Quervain wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, lilichapisha matokeo: tofauti ndogo katika jeni moja inaendana na nguvu ya kumbukumbu ya mtu, na pia na uwezekano wa kupata ihahamuka.

Sasa tazama mgawanyo wa kazi. Kumbukumbu za maumivu zilitoka kwetu. Waliopigwa picha za ubongo ni watu wengine, ambao hawakupitia mkasa kama ule. Hesabu zikapigwa Ulaya. Sisemi tulidhulumiwa, la hasha. Nasema asiyejua kuhesabu husomewa na wengine, na hana namna ya kuuliza swali.

Je, hesabu zenyewe ni zipi? Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa haraka. Ukiona wabebaji wengi wanavuka kuelekea Birere, unajua huko Goma kuna ulaji, ingawa sufuria hukuziona. Mashine nayo haioni mawazo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale, na sumaku ya mashine huitambua tofauti hiyo. Mjapani Seiji Ogawa na wenzake waliionyesha njia hii mwaka 1990. Lakini damu huchelewa: hufikia kilele sekunde 5 au 6 hivi baada ya kazi kuanza. Kwa hiyo tunachokiona ni wabebaji, tena waliochelewa.

Jambo la pili ni kapu tupu. Hakuna anayepima karoti bila kutoa uzito wa kapu. Ubongo haulali kamwe, hivyo mtafiti humpima mtu akifanya kazi fulani, kisha akiwa hafanyi, halafu hutoa moja katika nyingine. Tofauti inayobaki ni ndogo mno, mara nyingi asilimia chache tu. Kichwa kikitikisika kidogo, ni sawa na mizani iliyowekwa juu ya meza mbovu.

Jambo la tatu ndilo lililonitoa jasho. Picha ya ubongo hukatwa vijisanduku vidogo, vinaweza kufika 100,000, na kila kimoja hupimwa peke yake. Kipimo kikikubali kosa 5 katika kila 100, vijisanduku 5,000 vinaweza kuonekana vinafanya kazi kwa bahati tu. Mwaka 2009 Mmarekani Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu. Hesabu zisizorekebishwa zikaonyesha ubongo wa samaki “unafanya kazi”! Waliporekebisha hesabu, alama zile zikatoweka.

Mtu asidhani hayo ni mambo ya samaki tu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya vikundi 70 vya wataalamu waliopewa data zile zile na maswali yale yale 9. Hakuna vikundi viwili vilivyofuata njia ileile ya kuchambua, na kwa baadhi ya maswali majibu yao yalitofautiana. Basi anayeshika kalamu ya hesabu ana nguvu kubwa juu ya kitakachosemwa.

Jirani yangu mmoja, aliyerudi kama mimi, aliniuliza kama mashine hiyo ingeweza kuthibitisha aliyoyapitia, maana watu wamechoka kumsikiliza. Nilimweleza ukweli: haiwezi. Picha hizi husema mengi kuhusu wastani wa kundi, ila hazitoi hukumu juu ya mtu mmoja. Ihahamuka bado hutambuliwa kwa mtu kukaa na mhudumu aliyefunzwa na kusikilizwa. Yeyote atakayekuja kutuuzia picha ya ubongo kama cheti cha maumivu yetu, tumkatalie.

Hoja yangu ni hii. Mashine moja inaweza kupita dola milioni moja, na hatutaiona Nyakiriba karibuni. Lakini data za watafiti wengi zimewekwa wazi katika hazina ya OpenNeuro, na programu kama AFNI hazimdai mwanafunzi hata faranga. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti ya kutosha na msingi imara wa takwimu. Shule zetu za sekondari zianze na takwimu hizo. Vyuo vitenge vyumba vyenye intaneti ambamo vijana watachambua data hizo. Na watafiti wakija tena kuchukua kumbukumbu zetu, tudai vijana wetu wakae nao kwenye meza ya hesabu, na matokeo yarudishwe kwa waliohojiwa, kwa lugha wanayoielewa.

Kijana wa dada yangu sasa ananifundisha jioni, baada ya soko. Nami namsaidia kununua muda wa intaneti.