Kanuni za kawi majumbani hazitafaulu mpangaji akisahauliwa

JUA huwaka bure juu ya mapaa ya Nairobi, Nakuru na Eldoret, lakini katika nyumba nyingi za kupangisha maji ya kuoga yangali yanapashwa moto kwa stima ya kununua.

Hali hii ndiyo serikali ilitaka kuibadilisha mwaka wa 2012 ilipochapisha kanuni za kupasha maji moto kwa miale ya jua. Kanuni hizo zilihusu majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Mitambo ya jua ilitakiwa kutosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Majengo yaliyokuwapo tayari yalipewa miaka mitano kutimiza sharti hilo, na mkaidi alikabiliwa na faini ya hadi Sh1 milioni, kifungo cha mwaka mmoja au adhabu zote mbili.

Makataa yalipowadia 2017, majengo mengi yalikuwa hayajatimiza sharti hilo.

Nia ilikuwa njema. Bafu za stima huwashwa kwa pamoja alfajiri na jioni, wakati ambapo mahitaji ya umeme nchini hupanda. Mitambo ya mafuta, ambayo ni ghali, huhitajika zaidi saa hizo za jioni, na mzigo wa bei humwangukia kila mteja, hata yule asiyekuwa na bafu ya aina hiyo.

Kasoro kuu ilikuwa kutotilia maanani anayelipa na anayefaidika. Mwenye nyumba ndiye anayenunua mtambo, ilhali mpangaji ndiye anayenunua tokeni. Mwenye nyumba hana sababu ya kugharamika ili mwingine apunguziwe bili. Akilazimishwa, njia rahisi kwake ni kupandisha kodi, na hapo mpangaji aliyekusudiwa kusaidiwa hujikuta amebebeshwa gharama yote.

Isitoshe, ni rahisi kuchora mabomba ya mtambo huo katika ramani ya jengo jipya. Katika gorofa ya zamani yenye familia nyingi na paa moja, kazi hiyo humaanisha kubomoa kuta, na mahali ambapo mifereji hukauka siku kadhaa kwa wiki, mtambo huo hauna maji ya kupasha.

Mataifa mengine yamefuata njia tofauti. Nchini Uingereza, katika maeneo ya England na Wales, nyumba hupewa daraja za matumizi ya kawi kuanzia A hadi G. Tangu Aprili 2018, nyumba iliyo chini ya daraja E haiwezi kupangishwa upya bila idhini maalumu, na kuanzia Aprili 2020 sharti hilo lilienezwa kwa wapangaji waliokuwamo. Hata hivyo, mwenye nyumba aliwekewa kikomo cha gharama cha pauni 3,500.

Mfano huo una mafunzo mawili kwa Kenya. Kwanza, ukaguzi hufanyika kwa urahisi nyumba inapobadilisha mpangaji au mmiliki kuliko kungoja makataa ya pamoja kwa nchi nzima. Pili, adhabu huheshimiwa pale gharama inapokuwa na mpaka unaojulikana.

Kenya ingeongeza la tatu: mikopo nafuu inayolipwa kidogo kidogo kutokana na stima iliyookolewa, pamoja na masharti ya kuzuia kodi kupandishwa kwa kisingizio cha mtambo. Bila hayo, kanuni yoyote mpya itabaki kwenye makaratasi, huku mpangaji akiendelea kununua tokeni.